Huhitaji mishipi mitatu: kuchagua mshipi wa kuzama kwa trauti wa ziwani

"Ninafundisha shule ya msingi karibu na Nyeri, na nimevua trauti mitoni kwa nzi bandia (ndoana iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu) miaka sita sasa. Nina fimbo ya futi 9 namba 6, yaani ya kurushia mshipi wa uzito namba 6, rili moja ya kuzungushia mshipi, na mshipi wa kuelea. Desemba iliyopita tulipanda hadi Ziwa Ellis, kwenye Mlima Kenya, kwa upande wa Chogoria. Siku mbili sikuguswa hata mara moja, ilhali mzee mmoja aliyesimama hatua thelathini kutoka nilipo alitoa samaki watano kwa mshipi wa kuzama. Niliporudi nikaanza kuulizia. Wa kwanza akaniambia ninunue mishipi mitatu ya kuzama, wa polepole, wa kasi ya kati na wa kasi sana, kila mmoja na rili yake. Wa pili akasema nibane vipande vya risasi juu ya nzi, yaishe. Wa tatu akasema nitafute mshipi ulioandikwa wa nchi za joto, maana Kenya ni nchi ya joto. Nina shilingi 8,000, na nikizipoteza sitapata nyingine mwaka huu. Nianzie wapi?"

Mwalimu, pole kwa siku mbili za baridi na kapu tupu. Unaloogopa hasa ni kununua kitu kisichofaa kwa pesa usizoweza kuzirudisha, kwa hiyo nianze na hilo. Shilingi 8,000 hazitoshi kununua ulivyoambiwa na yule wa kwanza. Zinatosha kununua unachohitaji: mshipi mmoja wa kuzama polepole, wa namba ileile ya fimbo yako, na mahali pa kuuzungushia. Sehemu ya dawa hugharimu karibu bure, nayo waweza kuijaribu hata kabla hujaagiza chochote.

Ushauri uliopewa haukutoka kwa watu wabaya. Sisi huku tulirithi uvuvi wa mitoni. Trauti wa kwanza walipoletwa Kenya mwaka 1905, Ewart Grogan aliagiza mayai yao kutoka Uskoti na wakawekwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Tangu hapo mwanafunzi hufundishwa mtoni: maji ya kiunoni au pungufu, mkondo unaomletea samaki chakula, na mshipi wa kuelea unaoonekana vizuri juu ya maji. Kwa hayo mshipi wa kuelea ni sahihi kabisa, na usiuache. Ziwani hakuna mkondo wa kukubebea nzi. Trauti ndiye anayetembea, na hutembea katika tabaka fulani la maji, penye chakula na mwanga unaomfaa. Nzi akipita mita moja juu ya tabaka hilo, samaki wengi hawatajisumbua kupanda.

Hebu tuone kinachotokea majini. Mshipi wa kuelea huelea kwa sababu ganda lake la plastiki limechanganywa na viputo vidogo mno vya kioo vyenye hewa ndani. Mshipi wa kuzama hauna viputo. Ganda lake mara nyingi limetiwa unga wa tungsteni, metali nzito kuliko maji mara 19 hivi. Unga ukizidi, mshipi huzama haraka zaidi. Na kwa kuwa kitu kizito huhitaji nafasi ndogo, mshipi wa kuzama huwa mwembamba kuliko wa kuelea wa namba hiyohiyo, ndiyo maana hupenya upepo vizuri. Kule juu ya mlima, upepo unapoamka saa nne asubuhi, utalishukuru jambo hilo.

Sasa fikiria nzi wako mwenye uzito kidogo, aliyefungwa kwenye lida ya mita tatu, yaani ule uzi mwembamba wa nailoni kati ya mshipi na nzi. Umemwacha azame hadi mita mbili. Kichwa cha lida bado kiko juu kabisa, kimeshikwa na mshipi unaoelea. Unapovuta, nzi haji kwako kwa mlalo. Anapanda kuelekea pale mshipi ulipo. Vuta mara tano sita na tayari amelitoka lile tabaka ulilosubiri dakika nzima kulifikia. Juu ya hayo, upepo unausukuma mshipi ulioelea na kuupinda kama upinde, na mpindo huo unamburuta nzi kwa kasi usiyoitaka. Mshipi wa kuzama wenyewe uko chini pamoja na nzi, kwa hiyo ukivuta, nzi huja karibu kwa mlalo na hukaa kwenye tabaka la samaki muda mrefu zaidi. Yule mzee hakuwa na siri nyingine. Nzi wake alikaa mahali sahihi dakika nyingi kuliko wako.

Kasi ya kuzama huandikwa kwenye boksi, mara nyingi kwa inchi kwa sekunde, na ile inayoitwa aina ya 3 au ya 6 huwa karibu sana na idadi hiyo ya inchi. Mshipi wa kuzama polepole hushuka kama sentimita 3 hadi 5 kila sekunde. Wa aina ya 3 hushuka sentimita 7 na nusu, na wa aina ya 6 hushuka kama 15. Ili kufika mita mbili, wa kwanza atahitaji takriban sekunde 50, wa pili 27, wa tatu 13. Ukiziona namba hizi unaweza kudhani wa haraka ndiye bora kwa kuwa hupotezi muda. Hapo ndipo watu hupoteza pesa.

Wewe unavua ukiwa umesimama ukingoni. Chini ya maji ardhi inapanda kuja miguuni pako. Mshipi wa aina ya 6 unaendelea kuzama kila unapopumzisha mkono, wakati sakafu inapanda kukutana nao, kwa hiyo nusu ya pili ya kila mrusho wako itaishia kwenye majani na mawe. Utapoteza nzi, utachoka, na utaamini ziwa halina samaki. Mishipi ya kasi sana ni ya mtu aliye kwenye mtumbwi juu ya maji ya mita tano na zaidi, au anayesimama juu ya ukuta wa bwawa ambako maji ni marefu tangu hatua ya kwanza. Wa polepole hukuruhusu kuvuta taratibu sana, kusimama, kuvuta tena, bila kukwama. Ukitaka kwenda chini zaidi, unasubiri zaidi. Subira haiuzwi dukani, na wewe tayari unayo.

Kuhusu kubana risasi: inafanya kazi mtoni, kwenye shimo fupi lenye mkondo. Ziwani haikuondolei tatizo la nzi kupanda unapovuta, maana mshipi bado uko juu. Tena kipande cha risasi kwenye uzi mwembamba hurudi nyuma ya kichwa chako kwa njia yake chenyewe. Nimeona ndoana ikiingia kwenye sikio la mtu mzima kwa sababu hiyo. Risasi pia ni sumu kwa ndege wa majini wanaoimeza. Ukihitaji uzito, tumia nzi aliyefungwa ushanga wa tungsteni kichwani. Uzito unakuwa ndani ya nzi mwenyewe, na mrusho unatabirika.

Hilo linanipeleka kwenye jaribio lile la karibu bure. Kabla ya kununua mshipi wowote, rudi kwenye maji ukiwa na mshipi wako wa kuelea, lida ndefu ya mita nne na nusu hadi tano, na nzi mmoja mwenye ushanga, kwa mfano yule nzi bandia aitwaye Woolly Bugger, mweusi au wa kijani cha zeituni. Mrushe, uhesabu hadi 30, kisha vuta polepole mno, kama mtu anayekunja uzi kiganjani. Siku isiyo na upepo njia hii hufika mita moja na nusu hivi na hutoa samaki. Udhaifu wake ni upepo, na ugumu wa kuhisi samaki akigusa kwa ulaini, kwa sababu kati ya kidole chako na nzi kuna kona. Lakini ukishavua hivyo siku moja, utajua kama unachokikosa ni kina au ni jambo lingine.

Hatua inayofuata kwa bei ni lida ya kuzama. Ni kipande cha futi 5 au futi 10 chenye ganda lenye uzito, kinachofungwa kwa kitanzi mwishoni mwa mshipi wako wa kuelea. Kwenye maduka ya mtandaoni huuzwa kama dola 12 hadi 18, yaani kati ya shilingi 1,500 na 2,300 kabla ya usafirishaji. Hukunjwa ikaingia mfukoni, na huhitaji rili nyingine. Kama ungeniambia kwamba safari tisa kati ya kumi unakwenda mtoni, ningekuambia ununue hii ya futi 10, ya kasi ya kati, usimamie hapo. Mtoni inapendeza. Ziwani inasaidia nusu tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mshipi bado iko juu na upepo bado unauchukua. Ukiichagua, hakikisha imeandikwa ni ya trauti. Za samaki wakubwa kama samoni ni nzito mno kwa fimbo namba 6 na zitaufanya mrusho uanguke kama kamba ya ndoo.

Wako pia wanaojitengenezea kichwa cha kuzama, yaani kipande kizito cha mbele ya mshipi, kutokana na uzi wa kukokota nyuma ya boti wenye kiini cha risasi. Hesabu yake ni nzuri: ule unaotumika sana una uzito wa kama gramu 0.85 kwa futi, hivyo futi 12 zinatoa uzito ambao fimbo namba 6 inaubeba. Gharama ni ndogo ajabu. Ila hupinda vibaya kwenye maungio, huzama kwa kasi ambayo tumeona haikufai ukingoni, na risasi ni ileile. Nimeitumia kwenye bwawa refu na nikaifurahia, lakini kwako siipendekezi.

Kwa hiyo nunua mshipi mzima wa kuzama polepole. Kwenye boksi tafuta herufi WF6I. WF inamaanisha uzito wake umekusanywa sehemu ya mbele, 6 ni namba ya fimbo yako, na I ndiyo alama ya kuzama polepole. Ukiona F mwishoni ni wa kuelea, S ni wa kuzama, na F/S ni wa kuelea wenye ncha tu inayozama. Mishipi ya kampuni kubwa huanzia dola 80 na kupita 100. Ipo ya kati, dola 35 hadi 50, na ipo isiyo na jina linalojulikana, dola 15 hadi 25. Nitasema nilivyoona kwa mikono yangu: kwenye mshipi wa kuelea, rahisi hukutesa, kwa kuwa kuufanya uelee mwaka baada ya mwaka ni kazi ya ufundi mkubwa, na wa bei ya chini huanza kuzama ncha mapema. Kwenye mshipi wa kuzama polepole pengo hilo ni dogo. Unataka uzame, nao utazama. Unachopoteza kwa urahisi wa bei ni ulaini, kitanzi kilichounganishwa kiwandani, na wakati mwingine usahihi wa uzito.

Uzito waweza kuupima mwenyewe. Kwa kipimo kinachokubalika kimataifa, futi 30 za kwanza za mshipi namba 6, yaani mita 9.14 bila kuhesabu kipande kifupi cha ncha kisichobadilika unene, zinatakiwa kuwa na gramu 10.4, na hukubalika kuanzia 9.8 hadi 10.9. Peleka mshipi kwa sonara yeyote mwenye mizani ndogo, au kwenye maabara ya sekondari iliyo jirani. Ukikuta gramu 13, huo ni mshipi wa namba 7 au 8 uliobandikwa jina la 6, na unastahili kurudishwa. Nishaukuta mmoja wa aina hiyo, na mwenyewe alikuwa amejilaumu miezi mitatu kwamba hajui kurusha.

Kuna tofauti moja zaidi inayostahili pesa kidogo kama unaweza kuipata. Mshipi wa kuzama wa kawaida una tumbo nene na ncha nyembamba. Kitu kinene huzama haraka kuliko chembamba cha nyenzo ileile, kwa sababu uzito wake ni mkubwa ukilinganisha na ngozi inayosuguana na maji. Matokeo yake ni kwamba tumbo hutangulia chini na ncha pamoja na nzi hubaki juu, mshipi mzima ukining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Mishipi iliyotengenezwa vizuri huongezewa unga wa tungsteni kwenye ncha ili yote izame sawa. Boksi litasema kwamba mshipi unazama kwa usawa. Kwenye mshipi wa polepole kasoro hii si kubwa, ndiyo sababu nyingine ya kuanza na huo. Kwenye aina ya 6 ya bei ya chini, kasoro hiyo hukukosesha kuhisi samaki kabisa.

Sasa lile la "nchi ya joto". Tafadhali usinunue. Mishipi iliyoandikwa ya tropiki hutengenezwa na kiini kigumu ili isilegee kwenye jua la pwani, kwenye sitaha ya boti ya Watamu au Shimoni saa saba mchana. Ziwa Ellis liko mita 3,400 na ushei juu ya usawa wa bahari. Asubuhi unakuta umande umeganda kwenye nyasi. Mshipi wa tropiki kwenye baridi hiyo hujikunja kama springi, na kila mviringo unaobaki kwenye mshipi ni samaki utakayeshindwa kumhisi. Joto linalohusika ni la maji unayovua, ramani ya nchi haihusiki. Tafuta ulioandikwa wa maji baridi, au wa trauti, au wa maziwa. Hata huo, unyooshe kabla ya kuanza: mwenzako ashike ncha, nyinyi wawili mvute mita kumi kumi kwa nguvu ya wastani, mshikilie kidogo.

Kuhusu rili tatu, kwa trauti wa ukubwa wetu rili ni ghala la mshipi tu. Uliza kwanza kama rili yako ina spuli ya ziada, yaani kile kigurudumu cha ndani kinachozungushiwa mshipi. Nyingine zinauzwa kwa bei nzuri, nyingine spuli peke yake inakaribia bei ya rili nzima. Hapo nunua rili ya bei ya chini kabisa yenye breki sahili inayolia tik-tik, au ile yenye spuli za plastiki zinazobadilishwa. Usiweke zaidi ya robo ya fedha zako hapo. Ukikosa kabisa, zungushia mshipi wa kuelea kwenye kopo pana la maziwa ya unga, weka wa kuzama kwenye rili, na ukubali kwamba siku hiyo ni siku ya ziwa.

Ukiupata, kuna mambo unayopaswa kuyabadilisha au utaulaumu bure. Lida iwe fupi, mita moja hadi moja na nusu tu, uzi unaohimili kilo 2 au 3. Lida ndefu itamwacha nzi mwepesi aelee juu ya mshipi uliozama, na pesa yako itakuwa imezama peke yake. Usijaribu kuunyanyua mshipi moja kwa moja kutoka chini ya maji, maana unaweza kuvunja fimbo. Uvute hadi zibaki mita chache, urushe kwa kuviringisha ili ulale juu ya maji, kisha mara moja uinue na kurusha nyuma. Mrusho mmoja wa nyuma unatosha. Vaa miwani na kofia kila mara.

Na uhesabu. Baada ya nzi kugusa maji, hesabu hadi 10 ndipo uvute. Mrusho wa pili 20, wa tatu 30, hadi nzi arudi na majani. Ukikwama kwenye 45, basi vua kwenye 40, ukitembeatembea kati ya 25 na 40 mpaka upate mguso. Samaki wa kwanza akikupa namba, iandike, rudia hiyohiyo. Wavuvi wa pwani hupima kina kwa bildi kabla ya kutia nanga. Nawe funga jiwe dogo kwenye kamba yenye mafundo kila nusu mita na upime pale unapoweza kufika, utajua unahesabu kuelekea wapi. Mchana wa jua kali ongeza sekunde. Alfajiri na jioni, samaki wakiwa karibu na ukingo, punguza, au rudi kwenye mshipi wa kuelea.

Mshipi ukishakuwa wako, ulinde dhidi ya dawa ya mbu yenye DEET, ambayo huyeyusha ganda la plastiki. Paka kwa upande wa nje wa mkono, kisha futa vidole kabla ya kushika mshipi.

Yapo ambayo maandishi hayawezi kukufanyia. Kama unarusha chini ya mita 12 kwa fimbo hiyo, saa moja na mtu anayejua kurusha, akikutazama mkono, itakufaa kuliko mshipi wowote. Beba rili yako mwenyewe hadi dukani kabla ya kulipia spuli, ziingizane mbele ya macho yako. Masharti ya leseni na aina ya chambo kinachoruhusiwa yaulize langoni kabla ya kupanda, maana maziwa hayo yako ndani ya eneo la hifadhi. Usishawishike kuingia ziwani kwa boya la kukalia ukiwa peke yako. Maji yale humlegeza mtu viungo kwa dakika chache. Ndoana ikiingia karibu na jicho usiichomoe, funika na ushuke hospitali.

Yule mzee wa hatua thelathini ukimkuta tena, msalimie, mpishe nafasi yake, kisha muulize swali moja: alikuwa akihesabu hadi ngapi?